Mama Mkwe na Gurudumu Lililoyumba

Baba Pacha alikuwa na trekta lililomzidi umri. Alipozaliwa, lilikuwa tayari linalima mashamba ya watu. Alilirithi kwa baba yake pamoja na plau, tela, na kikohozi cha asubuhi. Kikohozi cha trekta, si cha baba. Ukiliwasha lilikohoa, likatema moshi mweusi, kisha likatulia kama mtu mzima aliyekwisha kunywa chai.

Familia nzima ilikula kwa trekta hilo. Baba Pacha alilima shamba lake, kisha akawalimia majirani. Wakati wa mavuno alifunga tela na kusomba mahindi. Mama Pacha, mkewe, alikuwa hodari wa kupanga magunia yasianguke. Pacha wao, wasichana wawili wa darasa la pili, waliujua mngurumo wa trekta kutoka mbali. Wakitoka shule walimngoja baba yao kando ya barabara. Aliwapandisha kwenye madigadi, yale mabati mapana yanayofunika magurudumu ya nyuma. Mmoja alikaa kulia, mwingine kushoto. Walirudi nyumbani wakiimba.

Mwaka huo, kabla ya mavuno, ilikuja habari njema. Mama yake Mama Pacha alikuwa anakuja kukaa nao. Alikuwa amestaafu kazi, na kwake alikuwa amebaki peke yake. Binti yake alimsihi mpaka akakubali.

Mama huyo alikuwa fundi. Si fundi wa cherehani. Alikuwa fundi wa matrekta katika karakana ya shamba kubwa la miwa. Aliingia pale akiwa msichana, akatoka akiwa msimamizi wa karakana nzima.

Baba Pacha aliingiwa na wasiwasi.

"Mama akiliona trekta letu atasemaje?" alimuuliza mkewe. "Limejaa kutu kama sufuria iliyosahauliwa mvuani."

"Mama anakuja kuwaona wajukuu. Haji kukagua trekta."

"Fundi ni fundi, mke wangu. Mikono hustaafu, macho hayastaafu."

Basi akanunua rangi nyekundu. Akawaita majirani, wakamsaidia kuvua magurudumu makubwa ya nyuma ili apake kila mahali. Alipaka nje, akapaka ndani. Ilipokauka, alipaka tena juu yake. Kisha wakayarudisha magurudumu. Trekta likang'aa kama nyanya iliyopanguswa kwa kitambaa sokoni.

Mama mkwe alipofika, alisimama uani akalitazama trekta kwa muda. "Umelitunza, mwanangu," alisema. Baba Pacha alitazama chini kwa adabu, lakini moyoni alikuwa anacheza ngoma.

*

Mavuno yakaanza. Siku moja Mama Pacha alikuwa anatembea nyuma ya trekta shambani. Ghafla alipiga kelele.

"Baba Pacha! Hebu simama!"

Baba Pacha alisimama. "Kuna nini?"

"Gurudumu la kushoto linayumba."

"Linayumba vipi? Mimi hapa kwenye kiti sisikii kitu."

"Wewe umelikalia, utalionaje? Mimi niko nyuma. Linakwenda hivi na hivi, kama mtu aliyetoka kilabuni."

Baba Pacha alishuka. Alilipiga gurudumu teke, kama wafanyavyo wanaume wengi wasiojua waanzie wapi. Gurudumu halikusema kitu. Alichukua spana akazigusa nati zinazolishika gurudumu. Zilikuwa zimelegea. Akazikaza kwa nguvu zake zote, akarudi kazini.

Asubuhi iliyofuata, nati zilikuwa zimelegea tena. Akazikaza tena. Kesho yake, vilevile. Safari hii alichomeka bomba refu kwenye mkono wa spana, akapanda juu yake kwa miguu miwili, akarukaruka. Nati zililia kriii. "Sasa zimekoma," alisema. Jioni zilikuwa zinacheza.

Jirani yao mmoja alipita akamkuta anahangaika. Watu walimwita Bwana Bila Shaka, kwa sababu hakuwahi kuwa na shaka juu ya jambo lolote.

"Bila shaka ni upepo," alisema. "Tairi limepungua upepo."

Baba Pacha alijaza upepo. Gurudumu likayumba.

"Basi bila shaka ni beringi," alisema Bwana Bila Shaka siku ya pili. "Beringi ya ndani, ile yenye gololi, imekufa. Ekseli nzima lazima ifunguliwe. Namjua mtu mjini anayefungua."

"Una hakika?"

"Mimi? Unaniuliza mimi?"

Baba Pacha alikosa raha. Kufungua ekseli, ule mhimili unaozungusha magurudumu, ni kazi ya siku nyingi, na mahindi yalikuwa bado shambani. Mvua nayo ilikuwa inanukia kwa mbali.

Kila asubuhi alipokaza nati, mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko, akichambua maharage. Spana ikilia, mkono wake ulisimama juu ya ungo. Spana ikinyamaza, mkono uliendelea.

Jioni moja, mama mkwe akiwa ametoka na wajukuu, Mama Pacha alimkabili mumewe.

"Kwa nini humuulizi mama?"

"Nimuulize mama mkwe habari za nati?"

"Kwani kuna ubaya gani?"

"Mke wangu, huyo ni mkwe wangu. Ametoka kwake kuja kupumzika. Leo nimwambie, 'Mama, shika spana, ulale chini ya trekta'? Watu watasema nimemleta mkwe nimfanye kibarua!"

"Watu wepi? Bwana Bila Shaka?"

Baba Pacha aliinama akaanza kufungua kamba za viatu.

"Basi nitamwambia mimi," alisema mkewe.

"Tafadhali usimwambie. Nitapata njia."

"Haya. Lakini heshima yako hiyo isije ikatuumiza," alisema Mama Pacha, akainuka kwenda kuzima jiko.

*

Njia hiyo aliipata, lakini si kwa namna aliyotaka.

Siku iliyofuata alimaliza kushusha magunia mapema. Tela lilikuwa tupu. Alipita barabarani akawachukua pacha wake kama kawaida. Mmoja alikaa kwenye madigadi ya kulia, mwingine ya kushoto. Walianza kuteremka mlima mdogo ulio karibu na kwao.

Katikati ya mteremko alisikia sauti ngeni. Kaa! Kaa! Kaa! Trekta likawa linatikisika ubavu mmoja.

"Baba," alisema yule wa kushoto, "huku kunanirusha."

"Shika chuma kwa nguvu, mwanangu! Msishuke!"

Alipunguza mwendo polepole. Hakukanyaga breki kwa ghafla. Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi. Walipofika chini, mahali tambarare, alisimamisha trekta na kulizima. Aliwashusha watoto mmoja mmoja, akawaketisha mbali, kwenye majani.

Kisha akatazama. Gurudumu la kushoto lilikuwa limelalia upande. Nati mbili hazikuwepo. Boliti moja ilikuwa imekatika kabisa. Pale alipokaa mtoto wake palikuwa juu kabisa ya gurudumu lile.

Aliketi chini kwenye vumbi. Wale wasichana wakaja wakamkumbatia shingoni, wakidhani baba yao amechoka.

Alikwenda nao nyumbani kwa miguu. Kabla hajafungua mdomo, pacha walikuwa wamekwisha kukimbilia jikoni.

"Bibi! Bibi! Gurudumu lilitaka kutoka! Baba amekaa chini!"

Mama mkwe aliweka ungo pembeni akatoka nje. Mama Pacha naye alitoka, akawavuta watoto wake kifuani. Hakusema, "Nilikuambia." Alimtazama mumewe tu, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Baba Pacha alisimama mbele ya mkwe wake. Mikono yake ilikuwa nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mama, shikamoo tena," alianza.

"Marahaba tena, mwanangu. Umeshanisalimu asubuhi."

"Ndiyo, mama. Mama... nilikuwa nataka... yaani kama hutaona vibaya... kuna kitu kimoja kuhusu lile trekta..."

"Sema, Baba Pacha. Usizunguke sana, nawe utalegea kama zile nati."

Mama Pacha aliziba mdomo. Hata Baba Pacha alicheka kidogo.

"Nisaidie, mama," alisema. "Nimeshindwa. Leo ningemuua mwanangu."

Mama mkwe alivuta pumzi ndefu. "Ahsante kwa kuniambia," alisema. "Kila asubuhi nikisikia spana inalia, ulimi ulikuwa unaniwasha. Lakini nikajiambia, nyamaza wewe. Hapa ni kwa mkweo. Mgeni haanzi kuipua chungu mekoni."

"Kumbe na wewe ulikuwa unanionea haya, mama?"

"Wewe ulinionea haya, nami nikakuonea haya. Na gurudumu halina haya." Akawageukia wajukuu. "Jambo la kwanza. Nyinyi wawili hampandi tena kwenye madigadi. Hata gurudumu likipona. Trekta lina kiti kimoja, na kiti hicho ni cha dereva. Mmesikia?"

"Tumesikia, bibi."

"Jambo la pili. Binti yangu, naomba ile suruali yako ya shambani."

*

Walikwenda wote watatu mpaka pale chini ya mlima. Watoto walibaki kwa jirani. Bwana Bila Shaka naye alitokea, maana habari haina mguu lakini hutembea.

"Kabla ya kugusa chochote, tulifunge trekta lisitembee," alisema mama mkwe. "Chomoa ufunguo. Fungua tela uliweke kando. Tafuta mawe makubwa, uyabane magurudumu ya mbele na lile la nyuma la kulia. Weka mbele na nyuma ya kila moja."

Baba Pacha alifanya hivyo.

"Sasa weka gia huru, na uachie breki. La sivyo gurudumu tunalotaka kulipima halitazunguka. Unaona sasa kwa nini nimetaka mawe kwanza?"

Kabla hawajaliinua, alimwita Baba Pacha karibu. "Tazama hapa, pembeni mwa nati. Unaona nini?"

"Naona vumbi la rangi ya kahawia."

"Hiyo ni kutu iliyosagika. Chuma kinasugua chuma. Ukiona vumbi hilo kwenye nati, ujue gurudumu limeanza kucheza, hata kama macho hayajaona likiyumba."

Waliweka jeki chini ya nyumba ya ekseli, juu ya ubao mnene ili isizame. Waliliinua gurudumu kidogo tu, liache ardhi. Kisha mama mkwe akaagiza gogo pana liwekwe chini ya ekseli.

"Kwani jeki haitoshi?" aliuliza Bwana Bila Shaka.

"Jeki ni ya kuinulia. Haifai kuaminiwa. Ikiteleza, haiombi radhi."

"Mimi nasema bila shaka ni beringi," aliendelea Bwana Bila Shaka.

"Inawezekana," alijibu mama mkwe kwa upole. "Lakini mtu akichechemea, huenda ana mwiba wayoni, huenda anaumwa nyonga. Utampasua nyonga kabla hujamtazama wayo? Tunaanza nje, tunaingia ndani polepole."

Alichukua kijiti kirefu akakichomeka ardhini, ncha yake ikawa karibu kugusa ukingo wa tairi. "Baba Pacha, zungusha gurudumu taratibu. Wengine tazameni ile nafasi kati ya ncha na tairi."

Gurudumu lilizunguka. Tairi lilisogea karibu na kijiti, likaenda mbali, likarudi karibu.

"Linayumba," alisema Mama Pacha.

"Ndiyo. Lakini ni tairi peke yake, au na chuma pia?" Alisogeza kijiti kwenye rimu, kile chuma cha duara kinachobeba tairi. Rimu nayo ilikuja na kwenda. "Basi si tairi peke yake. Ingekuwa rimu imetulia, tungesema tairi limekaa vibaya au limevimba. Sasa tuingie ndani zaidi."

Alisogeza kijiti mpaka katikati, kwenye kitovu cha gurudumu, pale ekseli inapotokea na boliti zilipojipanga. "Zungusha tena."

Waliinama wote. Kitovu kilizunguka, na ile nafasi haikubadilika. Haikuongezeka, haikupungua.

"Kimetulia," alisema Baba Pacha.

"Kimetulia. Maana yake ekseli haijapinda. Ingekuwa imepinda, kitovu nacho kingecheza. Sasa tuiulize beringi. Shika tairi juu kwa mkono mmoja na chini kwa mkono mwingine. Sukuma na kuvuta. Lakini usitazame tairi. Tazama kitovu."

Baba Pacha alisukuma na kuvuta. Tairi lilicheza. Kitovu hakikutikisika. Mama mkwe akaingiza mtaimbo chini ya tairi, akalinyanyua na kulishusha. Kitovu kilikaa palepale. Akapitisha kidole nyuma ya kitovu, akamwonyesha kila mtu. Kidole kilikuwa na vumbi kavu.

"Hakuna oili inayovuja. Beringi iliyokufa hukiachia kitovu kicheze, na mara nyingi huachia na oili ivuje. Hii yako ni nzima, mwanangu. Usimpe mtu akufungulie ekseli."

Watu wote walimgeukia Bwana Bila Shaka. Alikuna kidevu.

"Hapo," alisema, "nina shaka kidogo."

Walicheka mpaka mama mkwe akapangusa machozi kwa mkono wa shati.

*

Sababu ilikuwa bado haijapatikana. Walijua tu mahali ilipojificha. Ilikuwa kati ya kitovu na rimu.

"Tulivue," alisema mama mkwe. "Polepole, na tushike wote. Gurudumu hili likimlalia mtu, haamki. Asisimame mtu upande linakoweza kuangukia."

Walilivua, wakaliegemeza kwenye mti. Katikati ya gurudumu kulikuwa na sahani ya chuma yenye matundu, yale yanayopitisha boliti. Baba Pacha alizoea kuyaona ya duara. Sasa yalikuwa marefu kama mayai.

"Chuma kimelika!" alisema.

"Kimelika kwa sababu gurudumu lilikuwa linacheza kila siku. Matundu yakishakuwa hivi, hata ukikaza kwa winchi, nati haishiki. Na hizi nati zako, tazama. Hii ina ncha iliyochongoka, inaingia vizuri kwenye tundu. Lakini hizi ni bapa. Si za gurudumu."

"Nilizipata kwenye kopo la vyuma," alisema Baba Pacha kwa sauti ndogo. "Zile za zamani zilikuwa na kutu."

Mama mkwe aliinama tena. Safari hii alikwangua uso wa sahani kwa ukucha. Ganda jekundu lilibanduka, nene kama ganda la mkate. Chini yake lilikuwepo lingine. Alikwangua na uso wa kitovu. Na pale palikuwa na ganda jekundu.

"Hii ndiyo sababu," alisema. "Sahani ya gurudumu na kitovu lazima zikutane chuma kwa chuma, safi na kavu. Hapa zimekutana rangi kwa rangi. Rangi ni laini. Trekta likibeba mzigo, rangi inasagika. Ikisagika, inaacha nafasi. Ikiacha nafasi, nati inalegea. Unaikaza, rangi inasagika tena, inalegea tena. Ungekaza mpaka mwakani."

Akanyoosha mgongo. "Nani aliyepaka rangi humu ndani, mwanangu? Na kwa nini nene hivi?"

Baba Pacha alitazama viatu vyake. Mama Pacha alingoja.

"Ni mimi, mama. Nilisikia unakuja. Nikasema, mkwe wangu ni fundi mkubwa, asije akakuta trekta lina kutu. Nikavua magurudumu nipake kila mahali, hata pasipoonekana."

Mama mkwe aligeuka. Alilitazama trekta lote jekundu, kutoka pua mpaka ndoano ya tela.

"Ulipaka kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Nilifanya kazi karakana maisha yangu yote," alisema mama mkwe. "Hakuna mtu aliyewahi kunipakia trekta rangi." Alimshika mkwe wake bega kwa mkono uliojaa vumbi la kutu. "Nashukuru, mwanangu. Nashukuru sana. Ila mwaka ujao nipikie chai tu."

*

Siku ya soko walikwenda mjini wote wawili, mkwe na mkwe. Mama mkwe alichagua sahani nyingine, ambayo si mpya lakini ilikuwa nzima. Aliitazama kwenye jua kama haina ufa, akapitisha kidole katika kila tundu. Walinunua boliti mpya na nati zenye ncha iliyochongoka.

"Iliyokatika ni moja tu, mama," alisema Baba Pacha. "Hizi zote za nini?"

"Nyingine zimebeba mzigo wa ile iliyokatika. Zimechoka. Badili zote za gurudumu hilo."

Walikwangua rangi kwenye uso wa kitovu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Walipangusa kwa kitambaa kikavu. Baba Pacha alitaka kupaka grisi, lakini mama mkwe alimzuia. "Hapa pawe pakavu. Grisi ni kama rangi tu, inateleza."

Walilirudisha gurudumu kwa kusaidiana. Mama mkwe alimfundisha kuanza nati zote kwa mkono. Kisha akamfundisha kukaza moja, kuruka mpaka ile inayoitazama upande wa pili, na kuendelea hivyo.

"Ukizifuata kwa mstari, gurudumu linakaa upande. Ukirukaruka, linakaa sawa. Kaza nusu sasa. Ukilishusha chini, malizia."

"Nichukue lile bomba nirukie juu?"

"Bomba hilo ndilo lililoziua boliti zako! Tutaazima spana ya kipimo ya chama cha wakulima. Kitabu cha trekta kinaonyesha nguvu inayotakiwa. Isipungue, isizidi."

Kisha akaelekeza kidole upande wa pili. "Na gurudumu la kulia?"

"La kulia haliyumbi, mama."

"Rangi ulipaka gurudumu moja au mawili?"

Baba Pacha aliangua kicheko, akaenda kuchukua jeki. Upande wa kulia walikuta ganda lilelile jekundu, na nati zimeanza kulegea. Lakini matundu yalikuwa bado ya duara. Walikwangua, wakafunga sawasawa.

Baada ya safari ya kwanza shambani, walizikaza nati tena. Kesho yake, tena. "Chuma kipya na chuma cha zamani vinahitaji kuzoeana, kama wakwe," alisema mama mkwe. Siku ya tatu spana haikupata cha kukaza. Nati zilikuwa zimetulia.

Tangu hapo Baba Pacha alijifunza desturi mpya. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha trekta, alilizunguka. Alitafuta vumbi la kahawia kwenye nati. Aligusa kila nati kwa mkono. Alitazama kama kuna oili inayovuja. Kazi hiyo ilikwisha kabla chai haijapoa. Pacha nao walirudi shule kwa miguu, na nyimbo zao hazikupungua.

Mahindi yote yaliingia ghalani kabla ya mvua. Majirani walisombewa ya kwao pia. Bwana Bila Shaka alikuja na kuku wawili, akampa mama mkwe mmoja. Wa pili alisema bila shaka ni wa Baba Pacha. Baada ya hapo akauliza kwa unyenyekevu kama mama angeweza kwenda kulitazama toroli lake.

Siku walipoleta mzigo wa mwisho, Baba Pacha alizima trekta katikati ya shamba tupu, akashuka. Alikwenda mpaka pale mkwe wake aliposimama na binti yake.

"Mama," alisema, "nilitafuta neno la kukushukuru nikalikosa. Umetuokoa na ajali kubwa zaidi. Kama si wewe..."

"Ungeacha kuniuliza, ningemwokoa nani? Tushukuriane, yaishe."

"Haiishi, mama. Tafadhali, njoo."

Alimwongoza mpaka kwenye trekta, akapangusa kiti kwa shati lake, akampa mkono apande. Mama mkwe alikaa. Alishika usukani kwa mikono miwili. Kwa kitambo hakufanya lolote, alikaa tu, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango uko wazi.

"Tangu nistaafu sijakalia kiti kama hiki," alisema.

"Shamba ni lako, mama. Zunguka utakavyo."

Trekta lilikohoa, likatema moshi, likaondoka. Mama mkwe alilizunguka shamba zima, mgongo umenyooka, kitambaa cha kichwani kikipepea. Baba Pacha na mkewe walisimama wakilitazama trekta kwa nyuma. Magurudumu yote mawili makubwa yalizunguka sawasawa, yakiacha alama mbili zilizonyooka kwenye udongo.

"Anacheka," alisema Mama Pacha. "Baba Pacha, hebu msikilize. Mama anacheka peke yake!"

Baba Pacha alivua kofia. Hakujua kwa nini aliivua. Alisimama hivyo, kofia mkononi, mpaka mkwe wake alipomaliza kuzunguka, akawapita, akawapungia mkono, na kuanza mzunguko mwingine.